Mumiani Hahitaji Meno: Wanyonya Damu wa Njia ya Tabora

Aprili 1972 kampuni ya Marvel ya New York ilitoa toleo la kwanza la The Tomb of Dracula, mfululizo wa katuni za kutisha uliofikia matoleo 70 kabla ya kufungwa mwaka 1979. Miaka michache nyuma kitabu kama hicho kisingepitishwa. Tangu 1954 wachapishaji wa katuni wa Marekani walikuwa wamejiwekea kanuni zilizopiga marufuku wanyonya damu, na kanuni hizo zililegezwa mwaka 1971 tu. Mchoraji Gene Colan, na baadaye mwandishi Marv Wolfman, wakamfufua bwana yule yule aliyebuniwa na Bram Stoker mwaka 1897: mtu wa ukoo mkubwa, mwenye ngome, joho na meno mawili marefu. Hutoka usiku, huwinda peke yake, hung'ata shingo na kunywa mwenyewe.

Katika nchi inayopitiwa na njia ya zamani ya misafara, kutoka pwani kupitia Ugogo na Unyamwezi hadi Ziwa Tanganyika, watu walikuwa na mnyonya damu wao muda mrefu kabla ya katuni hizo, naye hakuhitaji meno. Mumiani, au chinjachinja kama wengi walivyomwita, alikuwa na gari, ndoo, bomba la sindano, sare au koti jeupe, na mshahara wa mwisho wa mwezi. Alifanya kazi na wenzake, chini ya wakubwa. Damu hakuinywa, aliipeleka mahali.

Hadithi yake imepita njia ile ile iliyopitiwa na pembe, watumwa, reli na malale, na kila zama zilimvisha nguo zake. Chini ya nguo hizo kulikuwa na swali moja ambalo watu wa njia kuu walilirudia kizazi hadi kizazi: huyu anayechukua kwetu anapeleka wapi, na nani anafaidi?

Dawa nyeusi ya misafara: hadi 1890

Tabora ni mtoto wa msafara. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kujenga tembe zao Kaze, ilipo Tabora ya leo, katika nchi ya Unyanyembe, na Richard Burton na John Speke walipofika hapo Novemba 1857 waliukuta mji wa biashara wenye watu wanaopokea wageni na kutuma barua pwani. Hapo njia iligawanyika. Moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine ikashuka kusini magharibi. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mzigo wa frasila mbili hivi kila mmoja, sawa na kilo 32, na safari ya kutoka Bagamoyo iliwachukua miezi miwili au mitatu. Katika Ugogo walilipa hongo kwa kila mtawala ili wapate maji na ruhusa ya kupita.

Pembe zilishuka pwani, na vitambaa, shanga, waya na baruti vikapanda bara. Pamoja na bidhaa hizo zilisafiri dawa za maduka ya pwani, na mojawapo iliitwa mumiani: kitu cheusi kama sandarusi iliyochomwa au lami iliyoganda, kilichosemekana kutoka Uajemi. Mtu aliyevunjika mfupa au kukazwa na mishipa alipakwa, au alimegewa kipande kidogo kikayeyushwa katika samli ya moto akanywa. Dawa hiyo ilikuwa na jamaa wa mbali. Wauza dawa wa Ulaya nao, kwa karne kadhaa, waliuza unga wa maiti za kale za Misri kwa ajili ya maradhi chungu nzima.

Wengi waliamini kuwa mumiani ya dukani ni damu ya watu iliyokaushwa. Kamusi kubwa ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 iliandika imani hiyo pamoja na maelezo ya dawa yenyewe, ikaongeza kwamba uvumi wa kutafutwa mumiani ukizuka mjini, watu hujaa hofu na ni wachache wanaotoka nje baada ya jua kuchwa.

Imani hiyo haikuwa ya ajabu kwa watu wa zama zile. Bidhaa ilikuwa ghali, ilitoka mbali, na aliyeiuza hakueleza inavyotengenezwa. Tena njia ile ile iliyoileta ndiyo iliyokuwa ikimeza watu. Wapo waliotekwa vitani wakateremshwa pwani kama bidhaa, na wapo wapagazi waliokufa kwa ndui au njaa wakaachwa kichakani. Kwao kijijini habari iliyofika ilikuwa fupi: hakurudi. Mtu aliyepotea upande mmoja na dawa isiyo na asili upande wa pili vilisubiri tu hadithi ya kuviunganisha.

Bunduki, fuvu na sindano: 1890–1916

Wajerumani waliifuata njia iliyokwisha kulimwa na nyayo za wapagazi. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga hadi Januari 1893, boma lake lilipovunjwa na jeshi la Tom von Prince. Isike alichagua kulipua baruti yake kuliko kukamatwa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku, na kazi ya upagazi, fahari ya vijana wa Kinyamwezi, ikaanza kufa.

Utawala huo mpya ulichukua kodi na kazi, na ulichukua pia viungo vya watu. Kichwa cha Mtwa Mkwawa wa Uhehe kilikatwa mwaka 1898, na fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954 tu. Hilo ndilo linalojulikana zaidi, lakini halikuwa peke yake. Madaktari na maofisa walikusanya mafuvu kutoka makaburini, vitani na kwenye vitanzi, wakayapeleka Berlin kupimwa kwa ajili ya elimu ya rangi za watu. Uchunguzi wa mafuvu 1,135 kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, uliotangazwa mwaka 2023, uliyahusisha 202 na Tanzania ya leo na 904 na Rwanda. Mwanakijiji wa mwaka 1900 aliyesema wazungu wanasafirisha vipande vya watu kwenda kwao hakuwa na ushahidi wa makumbusho, lakini hakuwa anaota.

Kisha ikaja sindano. Malale yaliua watu wengi mno kandokando ya Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne ya 20, na Robert Koch, bingwa mkubwa wa vijidudu wa Ujerumani, alikuja kutafuta tiba mwaka 1906. Katika visiwa vya Ssese nchini Uganda aliwachoma wagonjwa dawa ya Atoxyl yenye sumu ya aseniki, akapandisha vipimo. Baadhi yao walipofuka macho wasione tena. Kambi za malale zikafunguliwa pia kando ya Ziwa Tanganyika, mwisho wa njia ya Tabora. Mtu aliingia kambini akiwa na homa, akatolewa damu, akachomwa dawa ambayo hakuna aliyemweleza ni nini. Akipona ilikuwa bahati yake. Asipopona, ndugu zake walibaki na neno lao: mumiani.

Vita Kuu vikaikuta nchi katika hali hiyo. Wapagazi wakashikwa tena, safari hii kwa ajili ya majeshi, na Septemba 1916 askari wa Kibelgiji kutoka Kongo wakaingia Tabora. Maelfu ya watu waliondoka na mizigo ya vita vichwani, na wengi hawakurudi.

Koti jeupe porini: 1922–1945

Waingereza walirithi nchi ambayo katika sehemu nyingi za magharibi ilikuwa na mbung'o, inzi waenezao malale, wengi kuliko watu. Mwaka 1922 malale yalizuka Maswa, na katika miaka iliyofuata yakaenea kwenye misitu ya miombo ya Unyamwezi na kuelekea Kigoma. Serikali iliunda kazi maalumu ya kupambana nayo. Jina la Dk. G. Maclean, ofisa wa malale wa Tanganyika, limebaki katika taarifa za miaka ile, na huko Shinyanga C.F.M. Swynnerton aliongoza utafiti wa mbung'o hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938.

Dawa kuu ya serikali ilikuwa kuhamisha watu. Hoja ilikuwa kwamba familia zilizotawanyika msituni haziwezi kufyeka pori la kutosha kumzuia mbung'o, hivyo zikusanywe pamoja kwa mamia katika makazi mapya. Hoja ilikuwa na akili ndani yake, na watu wengi waliokolewa. Lakini hebu itazame kutoka upande wa kaya moja. Anafika ofisa na karani wake na tarishi. Wote wa kijiji wanapangwa mstari chini ya mti, hata watoto. Kidole kinachomwa, tone la damu linapakwa juu ya kipande cha kioo, kioo kinafungwa ndani ya sanduku dogo na kuondoka. Baada ya wiki kadhaa inakuja amri: hameni. Nyumba, mashamba, makaburi ya wazee na mizinga ya nyuki vinaachwa. Miaka michache baadaye pori limefunga, wanyama wamerudi, na aliyezaliwa pale akionekana na upinde anakamatwa kwa ujangili. Sehemu ya mapori hayo ya magharibi ndiyo baadaye ikawa mapori ya akiba ya wanyama.

Damu imechukuliwa, watu wameondolewa, nchi imepewa wanyama. Ng'ambo ya mpaka, katika Zambia ya leo, watu walitoa hitimisho kamili: wanyonya damu wao waliitwa banyama, jina linalowagusa moja kwa moja watu wa idara ya wanyama. Huko hata Mapadre Weupe walishukiwa, wale ambao ndugu zao wa shirika walikuwa Tabora tangu miaka ya 1880. Upande wa Kongo palikuwa na batumbula, walioogopwa katika miji ya migodi ya Katanga. Mwanahistoria Luise White, aliyeyakusanya masimulizi haya katika kitabu Speaking with Vampires cha mwaka 2000, alionya kuyachukulia kama ujinga wa washamba. Aliyaona kuwa namna ya watu kuusimulia ukoloni kwa mifano ya vitu walivyoviona kwa macho: sindano, gari, shimo, sare.

Reli nayo iliendelea kuchukua. Vijana wa Kiha na Kinyamwezi walipandishwa mabehewa kwenda kukata mkonge Tanga kama manamba, wakapimwa afya, wakapewa kipande na namba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuajiri wakata mkonge, na Buha, nchi ya Waha, ikawa mojawapo ya visima vyake vikubwa. Wapo waliorudi na baiskeli na blanketi. Wapo waliorudi wamekonda, wanakohoa. Mtu aliyesema mjini kuna kazi inayomaliza damu alikuwa anamaanisha hivyo hivyo.

Gari jekundu: 1945–1961

Vita vya Pili vya Dunia vilileta kitu ambacho hadithi ilikuwa ikikingoja kwa nusu karne: wazungu walianza kweli kukusanya damu katika chupa ili kuwaongezea wengine. Miji nayo ilikuwa ikikua, na katika miji hiyo palikuwa na idara moja isiyoeleweka. Watu wa zimamoto walikuwa na gari jekundu, kengele, mipira mirefu, matangi, na walikesha. Nyumba ya makuti ikiungua uswahilini, mara nyingi majirani ndio waliozima kwa ndoo na mchanga. Gari lenyewe lilikuwepo kila siku kituoni, limeng'arishwa, wanaume wenye afya wamekaa kando yake. Hawa wanalipwa kwa kazi gani?

Jibu likawa mumiani. Kenya na Uganda wanyonya damu waliitwa wazimamoto bila kuficha. Mwaka 1947 kituo cha zimamoto cha Mombasa kilizingirwa na umati wenye hasira. Mwaka 1959 mtu mmoja nchini Uganda alifungwa miaka mitatu kwa kujaribu kumuuza mwenzake kwa watu wa zimamoto: yaani uvumi ulikuwa umeota mizizi hata mhalifu akaona ni soko. Mwaka huo huo, huko Buguruni, nje kidogo ya Dar es Salaam, hofu ya mumiani ilizaa ghasia na askari polisi akauawa.

Hapo ndipo sura ya pili ya hadithi hii inapoonekana. Kwa masimulizi, mumiani ni mkubwa: daktari wa serikali, mzungu wa hospitalini, mwenye gari. Kwa vitendo, anayepigwa ni mdogo. Ni polisi wa kata, mgeni aliyepotea njia, mwuguzi, dereva. Hadithi iliyotungwa kumshitaki mwenye nguvu haikuwahi kumfikia mlangoni. Ilimkuta aliye karibu.

Uhuru haukuizima mara moja. William Arens, msomi wa Kimarekani aliyefika Mto wa Mbu, Arusha, mwaka 1968, aligundua kwamba wenyeji walimdhania kuwa mchinjachinja. Walikuwa na maelezo yaliyopangika. Mtu hupigwa akazimia, hutundikwa, damu yake hukingwa kwa ndoo, gari la zimamoto huipeleka hospitali mjini, na huko hutengenezwa vidonge vyekundu ambavyo wazungu lazima wavimeze ili waweze kuishi Afrika. Angalia mpangilio huo: malighafi kutoka kijijini, usafiri, kiwanda mjini, bidhaa kwa walaji wa mbali. Ni hesabu ya pamba na mkonge ileile, ila bidhaa imebadilika.

Kupe na mirija: 1961–1985

Julius Nyerere alisoma Tabora kuanzia 1937 na baadaye akafundisha shule ya St. Mary's katika mji huo huo. Januari 1958 chama chake, TANU, kilifanya mkutano wake mkuu Tabora na kukubali uchaguzi wa kura tatu, uamuzi uliofungua mlango wa uhuru. Miaka tisa baadaye Azimio la Arusha liliifanya vita dhidi ya unyonyaji kuwa kazi ya taifa.

Lugha ya siasa ikajaa damu. Mnyonyaji alifananishwa na kupe. Waliopandisha bei au kuishi kwa kodi za nyumba waliambiwa mirija yao itakatwa. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mkulima wa tumbaku wa Urambo hakuwa amesoma vitabu vya uchumi wa Ulaya, lakini habari ya watu wanaonenepa kwa damu ya wengine aliijua tangu utotoni. Mwanahistoria James Brennan ameonyesha jinsi msamiati huu wa siasa ulivyokaa jirani kabisa na mumiani wa mitaani. Kwa mara ya kwanza hadithi ilipewa anwani rasmi: bepari, mwenye nyumba, mlanguzi. Magazeti nayo yakaichora. Enzi ya Chakubanga, katuni ya Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, wasomaji walizoea kusoma siasa katika picha, na bepari mwenye kitambi hakuhitaji maelezo marefu chini yake.

Faida yake ilikuwa kubwa. Hofu ya gizani ikawa mjadala wa mchana, na watu wakapata haki ya kuuliza nani anakula jasho la nani. Lakini tabia ya zamani haikufa. Duka la Mhindi wa mji mdogo kando ya reli lilikuwa karibu. Soko la dunia lililopanga bei ya tumbaku lilikuwa mbali. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 iliwakamata walanguzi wa kweli na wenye duka waliokutwa na mifuko michache ya sukari. Tena aliyeguswa kwanza ni aliyeweza kufikiwa.

Karatasi na mkanda: 1978–2010

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo walianzisha Sani, jarida lililochanganya hadithi na katuni. Philip Ndunguru, mchoraji aliyefariki mwaka 1986 akiwa kijana, aliwapa wasomaji watu ambao kila mji uliwajua kwa sura: Ndumilakuwili mwenye maneno mawili na Lodi Lofa anayejidai tajiri. Jarida lilipita mkono kwa mkono hadi kurasa zikalegea. Baada yake yakaja majarida mengine, na katika miaka ya 1990 mchapishaji binafsi akawa huru kuuza mapenzi, uhalifu na mashetani bila kuomba radhi.

Wasanii wa zama hizo walikuwa na kipaji cha kuchukua kigeni na kukivua koti. Joshua Amandus Mtani alitoa mwaka 1998 katuni ya Kiswahili iliyosimulia upya mkasa wa Titanic, filamu iliyokuwa ikitamba duniani mwaka huo. Mikanda ya Nigeria ilipofurika mitaani, watengenezaji wa Dar es Salaam walijifunza haraka, na Mussa Banzi akawatisha watazamaji kwa filamu kama Nsyuka na Shumileta mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zanzibar nako shetani Popobawa, aliyewafanya watu wakeshe nje mwaka 1995, aliingia katika michoro, vichekesho na filamu.

Katika safari hii ya kuingia karatasini na kwenye skrini, mnyonya damu alibadilika umbo zaidi kuliko wakati wowote. Alipata meno, kucha na macho mekundu. Mara nyingi akawa jini au mwanamke mzuri aliyerudi kulipiza kisasi, na aliyemshinda alikuwa mganga au mchungaji. Ofisi ikatoweka. Gari, karani, ndoo na mkubwa aliyekaa mjini havikuwa na nafasi katika filamu ya saa moja na nusu. Kiini cha mumiani kilikuwa mtambo wa watu wengi, na mtambo hauchomwi kwa maombi. Msanii aliyetaka mwisho unaoridhisha alihitaji shetani mmoja wa kuua.

Kuna heri katika mabadiliko hayo. Anayeogopa Shumileta sebuleni hamvizii mwuguzi barabarani. Hofu ya kununuliwa kwa hiari ina mwanzo na mwisho, na mtu hulala baadaye. Ila hadithi ya zamani haikuhamia yote kwenye mkanda. Iliyobaki vijijini ilibaki na gari lake.

Mvumi, 2016

Mvumi, katika Ugogo, ilikuwa mojawapo ya vituo ambavyo misafara ya karne ya 19 ililipa hongo. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa-Mvumi, wilaya ya Chamwino, gari la watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo Selian cha Arusha lilizingirwa. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Neno likapita kwamba ni wanyonya damu. Watafiti wawili na dereva wao waliuawa na gari likachomwa moto.

Kila kitu cha hadithi kilikuwapo: wageni, gari la serikali, vifaa vya kuchimba, vifuko vya kutilia sampuli, na kazi ambayo wanakijiji hawakuielewa. Kilichokosekana ni mumiani. Mwaka uliofuata hofu kama hiyo iliwaka Malawi, katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Watu kadhaa waliuawa na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake kwa muda.

Ni rahisi kuwaita wauaji wa Mvumi washenzi na kuishia hapo, na sheria ina haki ya kuwahukumu. Lakini mauaji hayo yalisimama juu ya miaka mia ya mafunzo. Wagogo, kama Wanyamwezi na Waha, walifundishwa na njia kuu kwamba anayekuja na gari kuchukua kitu cha kupima haelezi, na akishaondoka ndipo linapofika jambo zito. Lisemwalo lipo, wahenga walisema, na kama halipo laja. Kosa la wale waliookota mawe lilikuwa kudhani kwamba lililokuja zamani ndilo lililosimama mbele yao siku ile.

Chupa inayojulikana iendako

Tabora leo ndiyo makao ya kituo cha Kanda ya Magharibi cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama. Mji uliokuwa kitovu cha misafara sasa unatuma magari mashuleni, misikitini na makanisani kukusanya damu. Kwa hadithi ya zamani, hapa ndipo mumiani alipopaswa kupata kibanda chake cha kudumu.

Utaratibu wenyewe ni jibu kwa kila kipengele cha uvumi. Mtoaji lazima akubali mwenyewe, awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Huhojiwa, hupimwa wingi wa damu, kisha hulala kitandani macho wazi mbele ya wenzake. Mfuko hujaa mililita 450 hivi na kuandikwa namba. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Mwanamume hungoja miezi mitatu, mwanamke minne, kabla ya kutoa tena. Inakokwenda kunajulikana: wodi ya wazazi, mtoto mwenye malaria kali, majeruhi wa ajali ya bodaboda.

Hata hivyo utaratibu mzuri hauwezi kujieleza wenyewe. Koch alikuwa na utaratibu, Maclean alikuwa na utaratibu, na watafiti wa Selian walikuwa na kibali. Wahamasishaji wa damu wanalijua hilo, ndiyo maana kazi yao kubwa hufanyika kabla ya sindano: kukaa na mwalimu mkuu, imamu, mwenyekiti wa mtaa, kujibu maswali ya kuudhi, hata lile la kale, kwamba damu hii mnakwenda kuiuza wapi. Swali hilo halipaswi kuchekwa. Limeulizwa katika njia hii tangu enzi za frasila na pembe, na kwa muda mrefu hakuna aliyeona kuwa ana wajibu wa kulijibu. Ofisi inayolijibu kwa subira, na kulijibu tena mwaka ujao kwa wanafunzi wapya, inafanya kile ambacho mganga, mchungaji na bunduki ya polisi vilishindwa: inamnyima mumiani nguo ya kuvaa.